Usinunue Ushahidi wa Mti

Ndugu yangu unayetaka kupandisha gorofa Kizingo, hapa Mombasa, nakusihi jambo moja kabla hujamwita mchoraji ramani. Mtafute kwanza mtu anayejua miti, na ukishamlipa ujira wake, usimwambie cha kuandika.

Wengi humwita nyumba imeshachorwa juu ya shina, wakitaka karatasi tu ya kuambatanisha na ombi linalokwenda kaunti au NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Hiyo si kazi yake. Kazi yake ni kuzungusha utepe kwenye shina, usawa wa kifua, kupima matawi yametanda hadi wapi, kugonga gome kwa nyundo ya mbao akisikiliza kama ndani pana uwazi, na kuinama kutazama uyoga na mizizi iliyokatwa na mtaro. Kisha kila mti autie kwenye ramani: huu ubaki, huu upunguzwe, huu ni hatari. Uingereza wana kanuni ya mwaka 2012, BS 5837, inayotaka mizizi iachiwe umbali wa mara 12 ya upana wa shina. Shina la nusu mita, basi usichimbe ndani ya mita 6. Ukilijua hilo mapema, msingi unasogezwa kwa penseli tu.

Mti unaosingiziwa zaidi hapa kisiwani ni mbuyu. Kiangazi hupukutisha majani yote. Tumbo lake laweza kuwa wazi na mti ukawa mzima kabisa, na ukibambuliwa gome huliotesha tena. Sasa mtu anapiga picha wakati huo wa ukavu, anaandika chini yake "umekufa", na mtaalamu anatia saini. Picha ni ya kweli, maneno ni ya uongo, na hiyo ni shahada ya uongo kama ile ya mahakamani. Aliyeilipia ni mshirika. Wako na wanaomwaga chumvi na oili chafu mizizini usiku, ili ripoti ije kuwa kweli. Hao ndio wanaonisikitisha zaidi.

Mwaka 2022, hapo jirani Kilifi, mibuyu iliuzwa, ikang'olewa ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia. Novemba Rais William Ruto aliiagiza Wizara ya Mazingira ichunguze kama idhini ilikuwa ya kutosha. Mkulima aliyeuza kwa sababu ya dhiki namwelewa. Wewe mwenye uwezo wa kujenga gorofa huna udhuru huo.

Wala sisemi kila mti usiguswe. Mji wa Kale nyumba zimebanana, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na mzizi ukishapenya hupasua ukuta wa watu wawili. Mtaalamu mkweli akisema mti uondoke, uondoke, baada ya idhini ya kaunti na ya ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Lakini mwombe apige picha nyufa za jirani kabla msumeno haujawashwa, azitie kwenye ripoti, na nakala umpe jirani mwenyewe. Kisha upite mlango kwa mlango uwaambie siku na saa, watoto wasiwe kichochoroni, na mwenye mgonjwa apate kumhamishia chumba cha nyuma.