Ukipanda Jukwaani, Acha Duka Nyumbani

Kijana wa kilimo, wa afya, wa maji au wa kompyuta, iko siku utaitwa mbele. Huenda ikawa chini ya turubai pale Endasak, wilayani Hanang, siku ya mkulima shambani, mahindi yamekomaa na watu wamekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa shule. Huenda ikawa Themi, Arusha, ambako Kanda ya Kaskazini hufanyia Nane Nane, au kwenye ukumbi wa Dodoma wenye projekta na viyoyozi. Utapewa kipaza sauti na dakika 20. Dakika hizo ni mali ya waliokuja kusikiliza. Usiziuze!

Ninakuhimiza mapema kwa sababu kishawishi nacho hakichelewi. Kampuni imegharamia turubai, soda na fulana. Mwakilishi wake amekuletea slaidi zilizokwisha kuandaliwa, nembo imekaa kila pembe, wewe ni kusoma tu. Ukisita, atacheka akuambie biashara ni matangazo. Hajakosea. Lakini wewe hukuitwa kufanya biashara, umeitwa kwa ujuzi wako. Na wahenga walikwisha kulimaliza suala hili: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbegu nzuri haina haja ya kutembezwa nawe. Wape wakulima namna ya kuipima, itajitetea yenyewe.

Chukua viwavijeshi vamizi. Wadudu hawa wametoka bara la Amerika, wakaonekana Afrika mwaka 2016, na 2017 wakathibitishwa Tanzania. Mkulima aliyeona mahindi yake yanatafunwa usiku kucha alikuwa tayari kununua chochote. Sasa fikiria wataalamu wawili mbele ya mkulima huyo. Wa kwanza anataja jina la chupa moja tangu salamu hadi kwaheri. Wa pili anaeleza kwamba kiwavi akiwa mchanga hufa kwa urahisi, ila akikua hujichimbia kwenye moyo wa mhindi, kinyesi chake kikaziba njia, na dawa isimfikie. Basi pita shambani mapema, tafuta mikwaruzo myeupe kwenye majani machanga, puliza asubuhi au jioni, elekeza bomba kwenye moyo wa mmea.

Kisha huyo wa pili anaigeuza chupa na kuonyesha kiambato kinachoua. Hapo ndipo mkutano unapoamka. Chupa mbili zenye majina mawili na rangi mbili zinaweza kubeba kiambato kilekile, mathalani emamektini benzoeti. Mkulima aliyebadilisha jina la chupa hudhani amebadilisha dawa, kumbe msimu hadi msimu anawazoesha wadudu sumu ileile mpaka inashindwa kuwaua. Mtaalamu wa kwanza ameuza katoni kadhaa. Wa pili amewaachia watu elimu ya kuihoji chupa yoyote itakayoletwa dukani mwaka ujao, hata yeye asipokuwepo. Uwe huyo wa pili.

Na kama kuna mahali pasipofaa kulichezea jambo hili la kuchanganya ushauri na biashara, ni hapa Hanang. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalitanda mpaka yakafikia karibu ekari 100,000, na humo ndani mlikuwa na malisho bora ya wafugaji wa Kibarbaig. Sehemu kubwa ya msaada wenyewe ilifungamana na vifaa na huduma za Kanada. Pale ambapo mwenye mashine ndiye pia mshauri, nani atauliza kama mashine inafaa, na inamfaa nani?

Mbaazi nazo zilitufunza. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa kuziagiza, tani 200,000 kwa mwaka, na bei ikaporomoka huku kwetu. Tangazo litakuambia gunia ngapi utavuna. Mtaalamu wa kweli anakuambia pia utafanya nini siku mnunuzi akifunga mlango. Sentensi hiyo ya pili haimo kwenye slaidi za kampuni, kwa hiyo usipoisema wewe, haitasemwa.

Sasa tukaze mkanda, tufanye kazi. Fungua slaidi zako, ufute kila nembo na kila jina la kampuni. Soma kilichobaki. Kama bado kinamfundisha mtu kitu, una mada. Kama zimebaki picha za watu wanaotabasamu, rudi mezani.

Ukilinganisha, linganisha kwa haki. Sote tumeviona vile vipando: mbegu mpya imepata mbolea ya kupandia na ya kukuzia, imepaliliwa kwa wakati, ina kibao kizuri. Mbegu ya mkulima imewekwa ukingoni, haina mbolea wala mwenye kuitazama. Halafu watu wanaambiwa wapige makofi. Usikubali! Zipewe mbolea sawa, palizi sawa, nafasi sawa, na kipimo kirudiwe kwenye vipande zaidi ya kimoja. Kisha taja udongo ulikuwaje na mvua ya msimu huo ilikuwaje. Ushindi wa namna hiyo hauna mtu wa kuubisha.

Weka gharama hadharani. Kama mbegu inaongeza gunia 2 kwa ekari, na gharama za ziada zinameza thamani ya gunia 3, mkulima amevuna zaidi na amepata hasara. Hesabu hiyo iandike kwa herufi kubwa, mama aliyekaa benchi la nyuma aisome bila miwani. Eleza pia ni lini teknolojia yako haifanyi kazi. Ukificha udhaifu wake, mvua mbaya ya kwanza itaufichua, na siku hiyo hutakuwepo kujieleza.

Na kama kuna mtu amekulipa nauli, amekupa mbegu au amekuajiri, liseme hilo mwanzoni kwa sentensi moja. Madaktari hufanya hivyo kwenye mikutano mikubwa duniani, na hakuna anayewadharau kwa kusema. Kanuni ya kimataifa kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, iliyopitishwa mwaka 1981, ilikwenda mbali zaidi: ilitaka watumishi wa mauzo wasipewe kazi ya kuwaelimisha wajawazito na kina mama wenye watoto wachanga na wadogo. Wahandisi wa intaneti wa Amerika Kaskazini, kwenye mikutano yao ya NANOG, nao hawataki mada igeuzwe tangazo. Kwa hiyo ukisimama Endasak ukakataa kusoma slaidi za mtu, hujajitenga na dunia. Umesimama na watu wanaoheshimu kazi yao.

Utaniambia: mdhamini akiudhika, turubai na soda tutavitoa wapi? Mpe mdhamini heshima yake kamili. Mshukuru kwa jina mwanzoni, mpe banda, mpe bango, na mada zikiisha watu waende kutazama bidhaa zake na kuuliza bei. Makubaliano hayo yaandikwe kabla ya siku yenyewe. Mfanyabiashara mwenye kitu kizuri hapati hasara hapo, kwa kuwa mkulima aliyeelewa tatizo lake hufika bandani akijua anachotafuta.

Nawe mwandaaji, una sehemu yako. Omba slaidi mapema, zipitie, zirudishe zenye harufu ya duka. Mpe mwenyekiti wa kikao ruhusa ya kumkatiza yeyote anayeanza kutaja bei na namba ya simu ya kuagizia. Iwe afisa, iwe mgeni kutoka makao makuu, kanuni ni moja.

Na ninyi wazee na kina mama mnaokaa kusikiliza, msiondoke na fulana peke yake. Inueni mkono! Hii imejaribiwa wapi, msimu gani, na nani? Mbegu imethibitishwa na TOSCI? Dawa imesajiliwa na TPHPA? Ipo nyingine yenye kiambato hichohicho kwa bei nafuu? Mtoa mada mwenye ujuzi atafurahia maswali hayo. Anayeyakasirikia amewajibu tayari.

Kijana, najua mshahara ni mdogo na bahasha inashawishi. Lakini pima mbali. Gari la kampuni litaendelea na safari, litashika barabara ya Katesh hadi Singida, kesho liko mkoa mwingine na bidhaa nyingine. Wewe utabaki. Utakutana na mkulima mnadani, kanisani, msikitini na kituo cha basi, naye atakusalimu kulingana na alichovuna. Aliyekuamini akapata, atawaita majirani wakusikilize. Aliyekuamini akapoteza, atakaa kimya mkutano ujao, na ukimya huo hutaweza kuuondoa kwa soda wala kwa kofia. Jina jema la mtaalamu hujengwa kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, na linaweza kuuzwa kwa mchana mmoja.

Kwa hiyo usingoje uwe mkuu wa idara ndipo uanze. Anza na mada yako ijayo, hata kama ni ya watu kumi chini ya mti. Nenda na vipimo, nenda na gharama, nenda na ukweli wote, ule mtamu na ule mchungu. Anayetaka kuuza, banda lake lipo nje. Wewe fundisha, tena fundisha kwa nguvu, mpaka mkulima wa Endasak awe mgumu kudanganywa na mtu yeyote, ukiwamo wewe!