Masazo ya Ijumaa

Soma kwa ajili ya somo hili: Mambo ya Walawi 19:9, 10; Kumbukumbu la Torati 24:19–22; Ruthu 2; Mithali 11:26; Amosi 8:4–6.

Ijumaa saa kumi alasiri, muuza mboga aliye mshiriki wa kanisa anaanza kufunga genge lake. Mafungu ya mchicha yaliyobaki hayatafika Jumapili. Nyanya zilizoiva zimeanza kulainika, na ndizi zina madoa. Jirani yake wa genge la pili, asiyeitunza Sabato, ataendelea kuuza mpaka usiku na kesho kutwa nzima, lakini yeye amebakiwa na saa mbili na nusu. Nyuma ya soko kuna nyumba ambayo watoto watalala na uji mtupu, na yeye anaijua. Mboga zile sasa ni za nani?

Jibu la haraka ni kwamba ni zake. Alizinunua alfajiri kwa fedha yake, akalipa nauli ya mzigo na ushuru wa soko. Akimpa mtu, amefanya hisani. Asipompa, hajamwibia yeyote. Washiriki wengi waaminifu, wanaorudisha zaka bila kukosa, wangejibu hivyo hivyo.

Torati inajibu vingine. Soma Mambo ya Walawi 19:9, 10 polepole. Mwenye shamba haambiwi avune yote, ayaweke ghalani, kisha amtolee maskini sehemu. Anaambiwa asivune pembe za shamba, wala asirudi kuokota masazo. Tofauti inaonekana ndogo, lakini inabadilisha jambo zima. Nafaka ya pembeni haikuwahi kuwa yake hata akaweza kuitoa. Maskini na mgeni waliingia shambani kuchukua fungu ambalo Mungu alikwisha kuwawekea, wakalipata kwa jasho lao, wakarudi nyumbani bila kumpigia mtu magoti. Katika Kumbukumbu la Torati 24 hata mganda uliosahauliwa haukurudiwa, na sababu inatajwa: Israeli wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri.

Sheria yenyewe haikusema pembe iwe na ukubwa gani. Walimu wa Kiyahudi wa baadaye waliona pengo hilo, na Mishna ikaweka kiwango: isipungue sehemu moja katika sitini. Ndivyo binadamu alivyo. Mungu akimwachia nafasi ya kupima kwa moyo, yeye huuliza kima cha chini.

Boazi hakuuliza. Ni vema kumtazama kama mfanyabiashara, maana ndivyo alivyokuwa: ana mashamba, ana wavunaji, ana msimamizi anayemwuliza habari za mgeni aliyekuja asubuhi. Ruthu alikuwa na haki ya kuokota masazo, lakini haki iliyo kwenye sheria yaweza kukwama mikononi mwa wafanyakazi. Boazi aliwakataza vijana wasimguse. Wakati wa chakula alimketisha pamoja na wavunaji, akampa bisi hata akashiba na kusaza. Kisha akatoa agizo ambalo hakuna sheria iliyomdai: wachomoe masuke katika miganda kwa makusudi, wayaache, wala wasimkemee (Ruthu 2:15, 16). Jioni Ruthu alipura, akapata kama efa moja ya shayiri. Haielezwi kwamba Boazi alimwambia zilivyofika hapo.

Upande wa pili wa sarafu uko katika Amosi 8, nao unapaswa kuwakosesha usingizi wale wanaoifunga Sabato kwa uangalifu. Wafanyabiashara anaowakemea Amosi hawakuuza siku ya Sabato. Walifunga. Lakini ndani ya saa zile takatifu walikuwa wakihesabu ni lini zitakwisha wafungue ghala, wapunguze kipimo, waongeze bei, na wawauzie maskini hata makapi ya ngano. Mlango wa duka ulishika Sabato; mwenye duka hakuishika.

Hata hivyo Biblia haiichukii biashara. Mithali 11:26 inasema watu humlaani anayezuia nafaka, na baraka inamkalia yule anayeiuza. Ndiyo, anayeiuza. Mwenye duka anayefungua ghala wakati wa uhaba, kwa bei ya haki na kipimo kamili, tayari amesimama upande wa wenye njaa kabla hajatoa sadaka hata moja.

Mwaka 2011 ukame mkali ulipoipiga Pembe ya Afrika, habari za watu kufa njaa Turkana ziliwashtua Wakenya. Kampuni ya simu, benki, wamiliki wa vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya wakaanzisha pamoja mchango ulioitwa Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa majuma manne, na lilivukwa. Kampuni zilitoa, na wananchi wa kawaida wakatuma walichokuwa nacho kwa simu ya mkononi. Wapo waliouliza kama sadaka yenye nembo ya kampuni bado ni sadaka, wakikumbuka Mathayo 6:3. Ni swali halali, lakini ni la mtoaji mbele za Mungu. Mtoto aliyepata uji hakuhitaji kulijibu.

Swali zito zaidi ni jingine. Mwanzoni mwa 2010, katika nchi hiyo hiyo, wafugaji walimwaga maziwa kwa sababu viwanda havikuweza kuyapokea yote. Yusufu aliweka akiba sehemu ya tano katika miaka ya shibe. Sisi binadamu wa leo husubiri picha ya mtoto aliyekonda ndipo tuanze kuitana.

Muuza mboga bado anafunga genge, na jambo lake si rahisi kama linavyosikika mimbarini. Akigawa bure pale pale kila Ijumaa, wateja watajifunza kumngoja, na yule jirani, mjane anayeuza mchicha huo huo ili alipe karo, hatauza kitu. Wema wake utakuwa umeiokota pembe ya shamba la mwingine. Akitoa vilivyooza, atakuwa amefanya alichofanya mfanyabiashara wa Amosi, ila bila kudai fedha. Kwa hiyo hawezi kulifanya peke yake. Itabidi azungumze na huyo mjane, na mwenye mashine ya kusaga, na mwoka mikate Mwislamu wa mtaa wa pili ambaye naye husaza, na akina mama wa Dorkasi wanaojua nyumba zipi hazijapika. Chakula kipelekwe saa kumi kikiwa bado kizima, kwa mlango wa nyuma, bila picha.

Darasa lijadili lililobaki. Muuza mboga anaiona pembe ya shamba lake kila Ijumaa, imelala kwenye meza. Je, mwalimu anayepokea mshahara benki, fundi anayelipwa kwa siku, na mchungaji, pembe zao ziko wapi, na ni nani anayeruhusiwa kuingia kuokota?