Kinyonga Tunduni na Mwenyewe Safarini

Kijana mmoja wa mji wetu, ambaye kazi yake imempeleka London, ametuandikia swali. Liliposomwa katika darasa letu baada ya sala ya Isha, baadhi yetu walicheka. Asema kuwa nyumbani kwake afuga kinyonga. Sasa ataka kuja Mombasa kumzuru mama yake kwa muda wa siku 14, na rafiki zake huko wamemwonyesha chombo chenye mota ndogo na saa. Ndani yake hutiwa nyenje walio hai, na kila siku, saa iliyopangwa itimiapo, chombo hujigeuza kikawaangusha kadhaa ndani ya tundu. Mwenyewe aweza kuwa Mombasa kwa mama yake, na kinyonga London akala. Auliza: nikifanya hivyo, nitakuwa nimeitimiza haki ya mnyama huyu, au nitabaki na lawama mbele ya Mwenyezi Mungu?

Waliocheka hatuwalaumu sana. Kwetu kinyonga ni kiumbe wa kukimbiwa. Tumelelewa tukiambiwa kuwa akiuma hakuna dawa, ilhali hana sumu yoyote. Watoto humpiga mawe akivuka njia, na wako wamchanganyao na mjusi wakadhani kumwua ni thawabu. Kusikia kuwa mtu amempa nyumba yenye taa, amnunulia chakula, kisha akosa usingizi kwa ajili yake, ni jambo geni. Lakini sisi twaona kuwa kijana huyu ameuliza swali ambalo wengi wetu hatujapata kujiuliza juu ya kuku na njiwa na mbuzi wetu. Kwa hiyo tumelitanguliza katika waraka huu mbele ya maswali mengine.

Kwanza yatupasa tumjue mnyama mwenyewe, maana haki ya kiumbe haijulikani mpaka ijulikane hali yake. Kinyonga wa kijana huyu ni wa jamii itokayo Yemen na pande za Asir, mwenye kishungi kirefu kichwani. Ni katika wale wafugwao kwa wingi sana Ulaya na Marekani, na wengi wao siku hizi huzaliwa huko huko matunduni. Yeye hali kama paka, ambaye hutiliwa chakula sahanini akakifuata kwa pua. Kinyonga hukitambua chakula kwa kukiona kikijongea. Macho yake huzunguka kila moja upande wake. Akishamwona mdudu huyaelekeza yote mawili mbele, akapima masafa, kisha ulimi ukatoka. Yuko kinyonga mdogo wa milima ya Usambara ambaye wataalamu wa Marekani walimpima, wakatangaza mwaka 2016 kuwa ulimi wake hufika mara mbili na nusu ya urefu wa mwili wake, tena kwa kasi ambayo jicho letu haliwezi kuifuata. Basi mdudu aliyekufa, amelala kimya, kwa kinyonga mara nyingi ni kama hayupo. Hata maji hayanywi bakulini kama ndege wetu. Hulamba matone yaliyo juu ya majani. Ndiyo sababu watu wakabuni chombo cha kumwaga wadudu walio hai. Hawakukusudia ukatili, bali walikusudia asife njaa.

Sasa tuje kwenye hukumu. Hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka twaijua sote. Imo katika Bukhari na Muslim, nasi huwasimulia watoto wetu. Lakini twaisimulia kwa haraka mno. Mwanamke yule hakulaumiwa kwa kufuga. Alilaumiwa kwa kuwa alimfunga paka, kisha hakumlisha wala hakumwacha aende akajitafutie vijidudu vya ardhi. Tazameni kuwa milango ilikuwa miwili, naye aliifunga yote. Na kuwa kufuga kwenyewe si haramu, wanavyuoni wamelitoa katika habari ya Abu Umair, nduguye Anas bin Malik, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Mtume (S.A.W.) hakumkataza, bali ndege yule alipokufa alimsemesha mtoto kwa upole juu yake. Kwa hivyo kijana wetu hana dhambi kwa kuwa na kinyonga. Lililobaki ni kutazama milango yake miwili iko namna gani.

Mlango wa pili, yaani kumwachilia, kwake umefungwa, na hakuufunga yeye. Kinyonga wa nchi ya joto akitolewa nje London katika majira ya baridi, huko si kumpa uhuru. Na hata nchi zenye joto si salama. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu, wa jamii ya milima yetu ya Kenya, walipelekwa Hawaii ili wauzwe. Walifika wamedhoofika kwa safari, na mwenye kuwaleta akawaachilia bustanini mwake wapate nafuu. Nia yake ilikuwa njema. Lakini vinyonga hawakubaki bustanini. Kizazi chao kimeenea, nao huwala wadudu na konokono wa miti wa visiwa vile, wasiopatikana penginepo duniani. Kwa hivyo amfungiaye kinyonga mbali na kwao amebakiwa na mlango mmoja tu, nao ni kumlisha na kumtunza, na uzito wote wa milango miwili umeegemea huo mmoja. Paka wa mtaani kwetu mwenyewe akisafiri atakwenda sokoni kwa wauza samaki. Kinyonga wa London hana soko.

Je, mtambo waweza kuubeba uzito huo? Sisi si katika watu wauchukiao mtambo kwa kuwa ni mtambo. Boya la tangi lifungualo maji ya mifugo yapunguapo ni mtambo, na hatujamsikia mtu akisema kuwa ng'ombe anyweshwaye kwa boya amedhulumiwa. Katika darasa letu yuko mwenzetu, mtu wa hisabu, aliyeutetea mtambo kwa nguvu. Alisema: jirani husahau, jirani huugua, jirani huogopa wadudu, na saa haisahau. Maneno yake yana haki ndani yake, wala hatukuyapuuza.

Lakini mwenzetu mwingine akasimulia habari yake mwenyewe, na ametupa ruhusa tuiandike. Alipokuwa kijana alifuga njiwa hapa Mji wa Kale. Akaalikwa arusi Lamu, akakaa siku nne. Kabla ya kuondoka aliitengeneza chupa ya maji akaipindua juu ya bakuli, na mkebe wa mtama wenye tundu chini, kila njiwa walapo mtama mwingine ukashuka. Akajisifu kwa ujanja wake. Aliporudi, maji yalikuwapo na mtama ulikuwapo. Njiwa mmoja alikuwa amenaswa mguu na uzi uliochomoka katika gunia alilowafunikia, akaning'inia mpaka akafa. Mtama ulikuwa chini yake, shibri moja. Asema, kwa siku nne chombo changu hakikukosea hata mara moja.

Habari hii twaiona ndiyo jawabu ya swali. Chakula kuanguka tunduni ni jambo moja, na mnyama kuwa amekula ni jambo lingine, na mnyama kuwa salama ni la tatu. Chombo chajua lile la kwanza peke yake. Kijana mwenyewe katika barua yake ametueleza mambo yawezayo kumpata kinyonga. Taa impayo joto huungua. Taa nyingine, itoayo miale mfano wa ile ya jua, isipofanya kazi, na asipopata unga wa kalisi anyunyiziwao wadudu, mifupa yake hulegea ikapinda. Na nyenje wakikaa chomboni siku nyingi hujipangusa unga ule ukawatoka kabla hawajaliwa. Nyenje walioangushwa na wasiliwe hujificha, na usiku kinyonga alalapo huweza kumwuma. Kinyonga jike wa jamii hii hutunga mayai hata pasipo dume, na asipopata mchanga wa kuchimba akataga, huenda akafa. Katika yote haya, saa ikitimia, chombo kitaangusha nyenje. Kitawaangusha hata juu ya maiti.

Tena wanavyuoni wakieleza habari ya wakala husharutisha awe mwenye akili. Mtu aweza kumwakilisha jirani katika amana yake, kwa sababu jirani huona na huamua, tena aweza kuulizwa: mbona hukuja jana? Chombo hakiulizwi. Hakiwi wakala kamwe; ni ala, kama kisu au kamba, na kosa la ala ni la mwenye kuitumia. Asemaye "nimemwachia mtambo" hakumwachia yeyote.

Kuna aliyetaja simu zenye kamera, ambazo mtu akiwa huku hulitazama tundu lililo kule. Ni nzuri, na kijana azitumie. Ila afikirie itakuwaje akae kwa mama yake, amwone katika simu mnyama wake ameanguka chini na hainuki, na hapana mtu London mwenye ufunguo wa nyumba yake.

Kuna na jambo ambalo kijana hakuliuliza, nasi twaliuliza kwa niaba ya wasioweza kuandika barua. Wale nyenje ndani ya chombo nao wamefungwa. Najua wako watakaosema: ni wadudu tu, na wameumbwa waliwe. Ni kweli kuwa kinyonga hana rizki ila hao, na kuwapa yeye si dhuluma. Lau angekuwa nyoka, ambaye huweza kuzoezwa kula panya aliyekwisha kufa, tungesema apewe aliyekufa. Lakini huyu tumeshaeleza hali yake. Hata hivyo kuliwa ni kitu kimoja, na kuteswa bila ya faida ni kitu kingine. Katika sahihi mbili imepokewa habari ya Nabii mmoja aliyeumwa na chungu, akaamuru kiota kizima kichomwe moto, naye akalaumiwa na Mola wake kwa kuwa mmoja ndiye aliyemwuma. Na Mtume wetu (S.A.W.) katika Hadithi aliyoipokea Muslim ametuamuru wema katika kila kitu, hata katika kuchinja, mtu akinoe kisu na amstareheshe mnyama wake. Ikiwa yule tumwuaye kwa mkono wetu ana haki ya kisu kikali, basi nyenje aliyetiwa katika kijumba cha plastiki siku 14 ana haki ya kula na kupata majimaji mpaka siku yake. Wakikosa, hulana wao kwa wao na waliobaki hufa kwa kiu. Kipande cha karoti na majani kidogo vyatosha, tena ni faida ya kinyonga mwenyewe, kwani mdudu mwenye njaa hana lishe kwa amlaye. Na chombo kilichopangwa kuangusha 20 kwa kinyonga mwenye haja ya watano, wale 15 wamekufa kwa ajili ya nani?

Basi tumemjibu kijana hivi. Kinyonga mzima mwenye afya hulishwa siku moja na kuachwa siku moja, hata zaidi ya hapo. Kwa safari ya siku mbili au tatu maji na taa ndiyo mambo ya kushughulikiwa, wala hana haja ya chombo cha kumwaga nyenje. Mtambo wa kunyunyiza maji kwa saa hatuoni ubaya wake. Akiwa kinyonga ni mdogo, apaswaye kula kila siku, au ni jike mwenye mayai, asimwache peke yake hata kwa mtambo wa thamani gani. Na kwa siku 14 hana budi apatikane mtu, awe jirani au mfugaji mwenziwe, ambaye huja akamtazama kinyonga kwa macho yake walau kila baada ya siku mbili, mwenye ufunguo, aliyeonyeshwa kila kitu kabla ya siku ya safari, na mwenye nambari ya simu ya daktari wa wanyama ajuaye wanyama wa namna hii, maana si wote wawajuao. Mtu huyo akipatikana, chombo kiwepo kimsaidie kikitakiwa. Asipopatikana, amhamishie kinyonga kwa mwenye kuweza. Hilo nalo likishindikana, tulimwandikia neno ambalo tulijua litamwuma: aahirishe safari mpaka apate mtu. Mama yake ana wanawe wengine hapa Mombasa wamtazamao. Kinyonga hana mwingine.

Mwenzetu mtu wa hisabu hakuridhika na neno hili la mwisho. Alisema haki ya mama haipimwi na haki ya kinyonga, nasi tukakubali kuwa haipimwi. Lakini hakuna aliyemlazimisha kijana kumnunua kinyonga, na deni la hiari halifutwi kwa sababu deni jingine ni kubwa zaidi. Tulizungumza mpaka usiku mwingi. Yeye angali na rai yake, nasi twaiandika hapa ili wasomaji waipime.

Barua ya pili ya kijana imefika juma lililopita. Amempata jirani yake wa ghorofa ya chini, mama mmoja mtu mzima aliyekwisha kustaafu, ambaye hakuwa amemwona kinyonga ila katika picha. Amekuja mara tatu kufundishwa. Kinyonga hakumtisha, bali aliwaogopa nyenje, na siku ya tatu akaleta glavu zake za bustani. Kijana asema ameweka tikiti ya mwezi ujao, na kwamba jirani yule ameanza kumwulizia juu ya karoti, zikatwe nyembamba kiasi gani.