Uaminifu katika Mambo Madogo



Ndugu Wakristu wapenzi, ninyi wazazi na walimu, nanyi watoto mnaojitayarisha kupokea Ekaristi Takatifu, nisikilizeni kidogo.

Hapa katika bonde letu la Ruzizi kila mkulima wa mpunga ajua jambo hili. Shamba hunyweshwa kwa mfereji, na maji hushikwa na tuta. Panya akichimba tundu katika tuta, tundu la kupita kidole tu, mkulima mvivu husema moyoni: Si kitu, nitaliziba kesho. Usiku maji hupita polepole, udongo hulainika, na asubuhi tuta limebomoka, mpunga umesimama pakavu, maji yamekwenda zake mtoni. Hakuna mwizi aliyekuja kwa nguvu kuyachukua. Yalitoka kwa tundu dogo. Ndiyo maana wazee walituonya: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Watoto huniuliza mara nyingi darasani: Mwalimu, mtu hupataje kuwa mwema? Je, huzaliwa hivyo? Je, ni yule anayesali sana? Ni yule asiyegombana na mtu? Leo nataka kuwajibu, nao wazazi wasikie.

I. Siku kubwa na siku ndogo

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 16, Bwana wetu anatufundisha kwamba yule aliye mwaminifu katika jambo dogo atakuwa mwaminifu katika kubwa pia, na mdanganyifu katika dogo atadanganya katika kubwa. Tumesikia neno hilo mara nyingi, nasi twadhani twalijua. Lakini mwenendo wetu waonyesha kwamba hatulisadiki. Wengi wetu twajiambia: Mambo madogo hayana neno; siku jaribu kubwa litakapokuja, nitasimama imara kama wafiadini. Ndugu, twajidanganya. Siku kubwa hailetei mtu moyo mpya. Yafunua tu moyo alioujenga katika siku ndogo.

Katekisimu yatufundisha kwamba fadhila ni mazoea imara ya kutenda mema. Tazameni njia ipitayo katika nyasi za bonde. Nani aliichonga? Hakuna aliyeichonga kwa jembe. Ni miguu ya watu wapitao kila siku. Wakiacha kupita msimu mmoja wa mvua, nyasi hufunika yote. Ndivyo ilivyo fadhila ya haki, ndivyo ilivyo fadhila ya kiasi, na ya nguvu, na ya busara. Mtu akisema kweli leo, na kesho, na kesho kutwa, njia yafunguka, na kusema kweli kwawa kwepesi. Akisema uongo mdogo kila siku, pia afungua njia, lakini yaelekea kwingine.

Hata hivyo tusidhani kwamba mtu aweza kujifanya mwema kwa nguvu zake peke yake. Mkulima huziba tuta, lakini maji hayatoki mkononi mwake. Yatoka juu mlimani. Neema ya Mungu ndiyo maji. Tulipewa katika Ubatizo, yarudishwa katika Kitubio, yaongezwa katika Ekaristi. Kazi yetu ni kulinda tuta, ili tusimwage tulichopewa bure.

II. Kijana wa Goma na mchele ulioharibika

Maji yapitayo katika Ruzizi, hapa mpakani petu, yametoka katika Ziwa Kivu. Kaskazini mwa ziwa hilo uko mji wa Goma, nao pia uko mpakani kama Kamanyola. Huko alizaliwa, tarehe 13 Juni 1981, kijana aitwaye Floribert Bwana Chui Bin Kositi. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Goma. Alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, nako alizoea kukaa na watoto wa barabarani, akiwafundisha na kula pamoja nao. Hakuna aliyemtazama kwa hayo isipokuwa watoto wenyewe na rafiki zake wachache.

Mwaka 2007 aliingia kazini katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Kazi yake ilikuwa kuangalia vyakula vilivyoharibika visipite mpakani. Ukaja mchele mbovu. Sisi watu wa bonde twajua mchele: ukichanganywa na mwema, jicho la mnunuzi halitambui, lakini tumbo la mtoto litatambua. Wenye mchele wakampa fedha ili afumbe macho. Akakataa. Wakaongeza. Akakataa tena. Alimweleza mtawa mmoja, rafiki yake, kwamba fedha ile ingekwisha upesi, lakini wale ambao wangekula chakula kile wangepatwa na nini? Naye alijiuliza kama kweli aishi katika Kristu.

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara. Tarehe 9 mwili wake ulionekana, una alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26. Kanisa lilichunguza maisha yake na kifo chake, na tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta, huko Roma, akatangazwa Mwenyeheri, mfiadini.

Angalieni vema, ndugu. Hakuna aliyemwambia mdomoni: Mkane Kristu, la sivyo utakufa. Waliomjia walimwambia tu: Pokea bahasha, weka sahihi. Lilikuwa jambo ambalo watu wangeliita dogo, jambo la kila siku. Lakini yeye aliona nyuma ya karatasi ile watoto watakaokula. Aliwaona kwa sababu gani? Kwa sababu alikuwa amezoea kula nao. Jicho lake lilikuwa limefunzwa katika siku ndogo.

Wala hatuna haja ya kufika Goma tu. Ufukoni mwa ziwa letu la Tanganyika, tarehe 28 Novemba 1964, waliuawa Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara huko Baraka, na siku hiyohiyo Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert huko Fizi. Kanisa liliwatangaza Wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Je, Padri Carrara alikuwa akifanya nini wauaji walipofika? Alikuwa akiungamisha Wakristu, kama Padri yeyote afanyavyo. Kifo kilimkuta katika wajibu wake wa kawaida. Ndivyo ninavyoomba kitukute sisi.

III. Jogoo wangu

Haifai niwaonye wengine nami nikijificha. Sikilizeni kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule nyingine nilikofundisha, mama mmoja mchuuzi alinijia jioni. Chini ya kitenge chake alificha jogoo mnene. Mwanawe hakuhudhuria mafundisho karibu miezi mitatu, maana alimsaidia mamaye kubeba mizigo. Mama akaniomba nimwandike katika orodha ya watoto wa Komunyo ya Kwanza. Nikasema moyoni: Mtoto ni mpole, mama ni maskini, na mshahara wangu haujafika. Nikapokea jogoo, nikaandika jina. Nyumbani tukala, nasi tulifurahi.

Juma lililofuata nilifundisha Amri ya Saba. Nikawauliza watoto: Nani aweza kunitajia namna za wizi? Wakataja: kuchukua mali ya mwenzio, kupunguza kipimo, kukataa kulipa deni. Ndipo mvulana mmoja wa dawati la nyuma akasimama, amekunja mikono kwa heshima, akasema: Mwalimu, na mtu akipokea jogoo ili aandike jina?

Hakuna mtoto aliyecheka. Chaki ilibaki mkononi mwangu. Nami sikumjibu. Nikawaambia wafungue madaftari waandike.

Siku ile nililiona tundu katika tuta langu. Watoto walikuwa wakisikia maneno yangu juu ya Amri za Mungu, na huku wakihesabu jogoo niliyekula. Jumamosi nikaenda kuungama. Padri hakunikaripia sana. Alinipa malipizi, kisha akaniagiza nirudishe thamani ya jogoo, na nimfundishe mtoto yule mwenyewe kila jioni hadi awe tayari, ili asibebe aibu ya kosa langu.

Nilipompelekea mama fedha, aliogopa. Akaniuliza: Mwalimu, je, jogoo hakutosha? Alidhani nimekuja kudai zaidi. Nilipomweleza, alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba njiani hutoa, sokoni hutoa, akitaka karatasi hutoa. Basi alifikiri na kwa Mungu ni vilevile. Ndugu, neno hilo lilinichoma kuliko swali la mtoto. Mimi niliyetumwa kufundisha kwamba neema hupewa bure, nilikuwa nimemfundisha mama yule kwamba ina bei.

Jumatatu nilimjibu mvulana mbele ya darasa lote: Ndiyo, ni wizi, na mwizi alikuwa mimi. Kufundisha mwana wa yule mama kulichukua majuma mengi, na jioni nyingi nilikuwa nimechoka. Lakini alipopokea Ekaristi, alijua Anayempokea ni nani.

IV. Wenye kusema: Maisha ni magumu

Hapa najua mtaniambia: Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini watoto wana njaa. Mshahara ni haba, tena wachelewa. Vita vimetufukuza mara kwa mara. Asiyepokea chochote atakula nini?

Sitaki kulijibu neno hilo kwa wepesi, maana njaa naijua. Kwanza tutofautishe. Maskini anayelazimishwa kutoa ili apite na mzigo wake si sawa na mwenye nguvu anayemdai. Mmoja anyang'anywa, mwingine anyang'anya. Pili, tajiri na mkubwa anayezuia ujira wa mfanyakazi ana dhambi kubwa. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 5 ya barua yake, aeleza kwamba kilio cha ujira uliozuiwa kimefika masikioni mwa Mungu. Wenye kutawala wasidhani kwamba nawahubiria wadogo peke yao.

Lakini tatu: njaa yangu haiponi kwa kumvua aliye na njaa kuliko mimi. Jogoo yule alikuwa mtaji wa mama. Yohane Mbatizaji alipokuwa mtoni Yordani, watoza ushuru walimwendea wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi wakimbilie jangwani. Aliwaagiza wasitoze kupita kiasi kilichowekwa. Basi, Mungu ataka kuwa na watu wake hata mpakani, hata sokoni, hata ofisini na darasani. Naye Zakayo, Bwana alipoingia nyumbani mwake, hakutosheka na kuona haya; alirudisha. Toba isiyorudisha kilichochukuliwa ni tuta lililopakwa matope juu, na ndani tundu lingali wazi.

Kwa hiyo, watoto wangu, jibu la swali lenu ni hili. Mtu mwema ni yule anayelinda moyo wake katika mambo madogo kwa sababu Mungu amwona na jirani amtegemea, na ambaye, akianguka, huinuka upesi, huungama na kulipa. Sala nyingi zatusaidia kuwa hivyo. Lakini mwenye kusali Rozari jioni, na asubuhi akabonyeza chini ya kopo la kupimia unga ili lishike kidogo, huyo ajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Makusudi ya juma hili

Wazazi: msimtume mtoto kusema mlangoni kwamba baba hayupo, hali baba yumo ndani. Hilo ni somo la kwanza la uongo, nanyi ndio walimu wake.

Wachuuzi: tazameni vipimo vyenu. Kopo likiwa limebonyea, linyosheni au mnunue jingine.

Walimu na makatekista wenzangu: tusiuze alama, wala cheti, wala jina katika orodha. Aliyekwisha kupokea arudishe.

Watoto: ukipewa fedha iliyozidi dukani, irudishe siku hiyohiyo. Ukivunja mtungi wa mama, sema: Ni mimi.

Wote: kila jioni kabla ya kulala, tupige magoti, tuichunguze dhamiri kwa swali moja tu: Leo tundu liko wapi?

Sala

Ee Bwana Yezu, uliyefanya kazi ya mikono huko Nazareti miaka mingi pasipo sifa za watu, utujalie uaminifu katika kazi zetu ndogo. Utupe macho ya kumwona jirani nyuma ya kila mzigo na kila karatasi. Uwakumbuke wote wanaokataa mali ya dhuluma nao wakavumilia njaa, uwashibishe. Nasi tulioanguka utuinue, utupe moyo wa kurudisha. Ee Maria, Mama wa Mungu, utuombee. Wenyeheri wafiadini wa nchi yetu, mtuombee. Amina.