Kugawa na Kugawana

Kiswahili kinatofautisha kugawa na kugawana, na nadhani suala zima la vyuo kupeana masomo ya mtandaoni limejificha hapo. Mwaka 2001 chuo cha MIT, Marekani, kilitangaza kuwa kitaweka mtandaoni maandiko ya kozi zake, bure, kwa yeyote. Huko ni kugawa. Ni jambo jema, sikatai. Ila leseni yao inaruhusu zaidi ya kusoma: tafsiri, punguza, ongeza mifano yako, ilimradi uwataje, usifanyie biashara, na ukisambaza ulichotengeneza ukiachie kwa masharti yaleyale. Yaani mlango wa kurudisha uko wazi.

Sasa tuulizane, nani anarudisha? Mhadhiri wetu huchukua, huboresha, halafu kitini kinaishia duka la fotokopi karibu na geti la chuo, au nyuma ya nywila ambayo chuo jirani hakina. Tusimlaumu haraka. Kitini kile kaandika usiku, baada ya kusahihisha rundo la mitihani, na cheo hakipandi kwa vitini. Hupanda kwa makala za majarida. MIT walikuwa na fedha za wafadhili, Hewlett na Mellon, na waajiriwa wa kazi hiyohiyo. Kumwambia huyu wetu "toa tu bure" ni kumtoza sadaka.

Lakini pia sikubali mwanafunzi wa chuo kidogo ajifunze takwimu kwa mifano ya Boston, wakati chuo cha ng'ambo ya barabara kina mifano ya bei ya mahindi, imefungiwa. Anayedaiwa hapo ni chuo: kimlipe mhadhiri saa zake, kisha kifungue.