Mtoto Huyu Aitwe Tumaini

Somo: Warumi 5:3-5



Wiki iliyopita nilitembelea familia moja ya kanisa letu iliyojaliwa mtoto wa kiume. Mama alitaka aitwe Tumaini. Baba, ambaye hana kazi tangu Januari, akanitazama akasema, "Pasta, tumaini gani, na tunadaiwa kodi ya miezi mitatu?" Nilikosa jibu. Mimi nimesomea biashara, na hesabu yake ilikuwa sawa.

Njiani kurudi nyumbani nikakumbuka jina la Wafini: Toivo. Si jina la mtume wala la mfalme. Ni neno lao la kawaida, maana yake tumaini. Wafini walitawaliwa na Waswidi, halafu kuanzia 1809 na Warusi. Katika karne ya 19, walipoanza kuionea fahari lugha yao, wakawapa watoto majina ya Kifini. Uhuru ulikuja 1917. Kwa hivyo wako wazazi waliomwita mtoto Tumaini kabla hawajaona kitu.

Mwaka wa 1870 wamishonari wa Kifini walifika kwa Waovambo, kaskazini mwa Namibia, na majina ya kwao yakaota mizizi huko. Mwaka wa 1924 akazaliwa Andimba Toivo ya Toivo, yaani Tumaini wa Tumaini. Mwaka wa 1968 serikali ya makaburu ilimhukumu miaka 20, akapelekwa kisiwa cha Robben. Aliachiliwa 1984. Namibia ilipopata uhuru 1990, macho yake yaliona. Hebu fikiria: walimfunga mtu ambaye jina lake lina "tumaini" mara mbili!

Chuoni tulifunzwa makadirio: unaangalia mauzo ya mwaka jana ndio useme ya mwaka ujao. Tumaini la Paulo haliko hivyo. Kwanza dhiki, kisha saburi, kisha mtu anathibitika, ndipo tumaini linazaliwa. Halisimami juu ya rekodi yetu ya jana. Linasimama juu ya upendo ambao Mungu ameumimina mioyoni mwetu, ndio maana halituachi na aibu.

Lakini tusidanganyane, jina halilipi kodi. Yakobo 2:15-16 inatukemea tukimwambia mwenye njaa aende kwa amani na hatumpi kitu. Jumatano nilirudi kwa yule ndugu. Wazee wamekubali kulipa mwezi mmoja. Miwili imebaki, na wewe unayesoma una mkono.

Jumapili hii tunamweka mtoto wakfu. Nilimuuliza baba nani atalitamka jina. Akasema, "Ni mimi, pasta. Sauti ikikwama, unisubiri tu."

Tutamsubiri. Na wewe ambaye sauti yako imekwama leo, Mungu anakusubiri pia. Usilifute jina. Amina.