Tawakali na Ngamia Asiyefungwa



Hapa Chumbageni mzee akipooza upande mmoja, wako wasemao kapigwa na upepo, na wako wasemao ni kudra tu. Kudra ni haki, lakini nayo hupita katika sababu. Sababu kubwa ya kiharusi ni shinikizo la damu, nalo aghalabu halina maumivu. Uchunguzi wa Hai na Dar es Salaam, 2003 hadi 2006, ulionyesha kuwa Dar es Salaam kiharusi kilizidi hata kile cha nchi nyingi za kitajiri.

Huulizwa: kumeza dawa kila siku hali huumwi, si upungufu wa tawakali? La. Mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya ngamia wake aliamrishwa amfunge, kisha ategemee. Aachaye dawa kwa kuwa anajiona mzima amemfungua ngamia usiku.

Tena kiharusi hakimlemei mgonjwa peke yake. Humlemea binti amgeuzaye kitandani na kumtawadhisha. Kumtwika mzigo uliowezekana kuepukwa, kisha kuuita tawakali, ni dhulma.

Basi pima presha. Ikirudia kufika 140 kwa 90, mfuate daktari. Chumvi ya siku isifike kijiko cha chai, pamoja na ya ng'onda na achari. Acha tumbaku. Msikitini nenda kwa miguu.

Na uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, mgonjwa asinyweshwe kitu, hata kombe, asije akapaliwa. Apelekwe Bombo saa ile ile; dua isomwe njiani.

Wallahu aalam.